Ng'ombe Walioacha Kukanyaga

Fundi Kwato alifika saa mbili kasoro robo asubuhi, akarudisha gari nyuma hadi mlangoni mwa banda, akashusha kizimba chake cha chuma na kukifunga kwa minyororo kwenye nguzo. Alivaa aproni ya ngozi, akanoa kisu chenye ncha iliyopinda, akakijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. Kisha akaomba aletewe ng'ombe mmoja mmoja, akianza na anayechechemea kuliko wote.

"Hapo umetupa mtihani," alisema Shangazi. "Tukianza kumtafuta huyo, tutabishana mpaka adhuhuri."

Shangazi alikuwa mkamuaji wa banda hilo kwa miaka kumi na minne. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, ila jina lilimkaa. Na mwanamume aliyesukuma kinyesi aliitwa Mjomba, kwa hiyo wageni wengi walidhani wawili hao ni mtu na kaka yake. Hawakuwa na udugu wowote, isipokuwa ule wa kusimama kwenye sakafu moja kila siku.

Sakafu yenyewe ilikuwa ya saruji, na saruji ilikuwa imekwisha. Kokoto zilikuwa zimechomoza kila mahali kama meno, na juu yake palikuwa na tope la kinyesi na mkojo ambalo halikuwahi kukauka. Ng'ombe walikuwa sitini. Mashine ilikamua sita kwa mkupuo mmoja, na waliobaki walisimama kwenye tope hilo wakisubiri zamu yao, kwa muda wa saa mbili asubuhi na saa mbili nyingine jioni. Siku hiyo Fundi Kwato aliwatembeza wote mbele yake na kuhesabu wenye mgongo uliopinda na kichwa kinachoinama kila hatua. Walikuwa thelathini na mmoja.

Walianza na Kipipa, ng'ombe mnene mwenye madoa, ambaye kwa wiki mbili alikuwa akikanyaga kwa ncha tu ya mguu wa nyuma. Fundi Kwato aliuinua mguu ule kwa kamba, akaufunga, akaanza kumenya unyayo wa kwato kama mtu anayemenya muhogo, vipande vyembamba vikianguka mapajani. Alifika kwenye doa jeusi. Akalichokonoa kwa ncha ya kisu, usaha ukaruka, na harufu ikamfanya hata Mjomba, aliyeishi na harufu, ageuze uso.

"Kidonda cha unyayo," alisema Fundi Kwato. Alikisafisha, akachukua kibao cha mti na kukigundisha chini ya kidole kizima cha mguu uleule, ili kidole kigonjwa kibaki juu na kupumzika. Kipipa aliposhushwa, alisimama kwa miguu minne kwa mara ya kwanza mwezi huo.

Hadi saa sita vibao vyote vilikuwa vimekwisha. Meneja alikuja kuangalia. Alikuwa mtu wa viatu safi, na siku zote alisimama kwenye ukingo mkavu wa mlango.

"Ni ugonjwa gani huu?" aliuliza.

"Sakafu," alisema Fundi Kwato.

"Nimekuuliza ugonjwa."

"Na mimi nimekujibu, bosi. Huyu ana kidonda cha unyayo, yule unyayo wa kwato umebanduka pembeni, wale watatu wameoza katikati ya vidole. Lakini wote wameugua sakafu. Naweza kuja kila mwezi nikakata, nikalipwa, nikaenda zangu. Ila ukitaka wapone, tandika mikeka ya mpira, tope lisukumwe nje kutwa mara tatu, na wasisimame kusubiri muda wote huu. Na lile josho la mrututu la kuoshea miguu, ubadilishe dawa. Ile mliyoweka imegeuka supu."

Meneja aliuma midomo. Mwezi huo maziwa yalikuwa yameshuka na ng'ombe wanne walikuwa wamepelekwa kwa mchinjaji kwa sababu hawakuweza kusimama. Alikubali mikeka, shingo upande.

Alipoondoka, Fundi Kwato alikuwa akiosha visu kwenye ndoo. Alimtazama Shangazi akihamisha uzito kutoka mguu huu hadi mwingine.

"Wewe mguu gani?"

"Yote miwili."

"Hebu."

Shangazi aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa na kuvua buti la mpira. Ngozi katikati ya vidole ilikuwa nyeupe na imepasuka, na kisigino kilikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu. Fundi Kwato aliushika mguu kwa namna aliyoshika miguu mingine yote ya siku hiyo, akaugeuza kwenye mwanga.

"Ungekuwa ng'ombe ningekubandika kibao."

"Ningekuwa ng'ombe ningekuwa nimeshafika kwa mchinjaji," alisema Shangazi, na akavaa buti lake.

Mikeka ya mpira ililetwa Ijumaa, ishirini na minne, ikapangwa nje ya banda na kufunikwa turubai. Ilikuwa itandikwe Jumatatu.

Jumapili asubuhi Kipipa aliacha kukanyaga chini.

Shangazi aliinama kumvalisha mashine na kukuta kiwele kiko juu kuliko jana. Alitazama chini. Kwato zote nne zilikuwa zinaning'inia kiganja kimoja juu ya sakafu, moja ikiwa bado na kibao chake. Kipipa alikuwa akicheua. Shangazi alivuta mpira wa mashine ukafika, akavalisha chuchu zote nne, ndipo akaita.

"Mjomba, hebu pitisha ubao wako hapa chini."

Mjomba alikuja na ubao wake mrefu wenye mpini, akausukuma kutoka upande huu wa ng'ombe hadi upande wa pili. Haukugonga kitu.

"Inapita," alisema. "Tena pamepata nafasi nzuri."

Walipomfungulia, Kipipa alitoka akitembea hewani kwa mwendo wake wa siku zote, ila hakuchechemea. Alipovuka mlango na kufika kwenye nyasi, alishuka bila kishindo, akaanza kula. Jioni aliporudi, alifika kwenye saruji, akapanda tena.

Jumatatu walikuwa tisa. Kwa kuwa mafundi wa kutandika hawakutaka kufanya kazi chini ya ng'ombe, mikeka ilisubiri. Hadi mwisho wa wiki ng'ombe wote walikuwa juu, hata wale ambao hawakuwahi kuugua. Walisimama juu, walilala juu, na aliyetaka kujikuna alijikuna kwenye nguzo kama kawaida. Kinyesi chao tu hakikuelea. Kilianguka sakafuni kama zamani, na kwa kuwa sasa kilitoka juu zaidi, kilirukia mbali.

Daktari wa mifugo alikuja na futi yake ya chuma. Alipima ng'ombe kumi, akaandika kwenye daftari kwamba wako juu sentimita nane hadi tisa, hawana homa, hamu ya kula ni nzuri. Fundi Kwato naye aliitwa. Aliinua miguu, akakuta vidonda vimeanza kufunga na nyama mpya ya waridi imeota. Aliving'oa vibao vyake kwa koleo, kimoja kimoja, akavitia mfukoni.

"Mguu usipogusa kitu, unapona," alisema. "Hilo tunalijua siku zote."

"Kwa hiyo ugonjwa umekwisha?" aliuliza Meneja.

"Ugonjwa uko palepale. Ng'ombe ndio wameondoka."

Maziwa yalipanda. Meneja alitembea kwenye ukingo wake mkavu huku na huku kwa siku mbili, kisha akaagiza mikeka irudishwe dukani. Shangazi alimkuta akisimamia upakiaji.

"Bosi, mikeka inakwenda wapi?"

"Inarudi. Ya nini tena? Sakafu haikanyagwi."

"Inakanyagwa."

"Na nani?"

"Na sisi."

Meneja alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye nyumba aliyokaa miaka mingi. Lakini hakuufungua.

"Nyie mna mabuti," alisema.

Mikeka ishirini na miwili ilirudi. Miwili ilitandikwa kwenye korido ya ofisi, maana vigae vya huko vilikuwa baridi asubuhi. Josho la mrututu lilikaushwa, kwa sababu ng'ombe walipita juu yake bila kulowa. Na kwa kuwa tope halikuwagusa tena, ikaamuliwa lisukumwe mara moja tu kwa siku. Kwa muda uliookolewa, Mjomba alipewa kazi ya kufyeka majani kando ya uzio. Jioni zikawa zinawakuta wafanyakazi tope likiwa limepita kifundo cha mguu. Mabomba ya mashine yaliinuliwa kiganja kimoja, na Shangazi, ambaye hakuwa mrefu, akawa anakamua akiwa amenyanyuka kwenye vidole.

Wiki tatu zilipita hivyo. Siku ya Alhamisi Mjomba aliingia bandani, na Shangazi akagundua kwamba anamtazama kwa kuinua shingo. Mjomba alikuwa mfupi kuliko yeye tangu wafahamiane.

"Umeongezeka," alisema Shangazi.

"Nimepumzika," alisema Mjomba.

Mabuti yake, ambayo lile la kushoto lilikuwa na ufa wa miaka miwili, yalikuwa yananing'inia kiganja kimoja juu ya tope. Uso wake ulikuwa umekunjuka. Alimweleza Shangazi kwamba alipofika kwenye saruji alisikia kama mtu amemshika makwapani na kumnyanyua, taratibu, jinsi anavyonyanyuliwa mtoto, na kwamba miguu haikuwa inauma. Alilirudia hilo mara mbili. Miaka tisa, alisema, alikuwa amesahau kwamba miguu inaweza kukaa kimya.

Kisha akashika ubao wake kuanza kazi. Alisukuma. Ubao ulibaki mahali pake, na Mjomba akarudi nyuma polepole hadi mgongo ukagusa ukuta. Alisukumia kwenye ukuta, akaenda mbele hatua tatu za hewani, tope likasogea kidogo, naye akarudi tena. Shangazi alimshika kiuno ili amwekee egemeo. Wakasukuma hivyo mstari mmoja, wakicheka, maana walikuwa kama watu wawili wanaojifunza kuendesha baiskeli moja. Meneja alikuwa mlangoni.

"Mwachie," alisema.

Shangazi alimwachia.

"Sukuma."

Mjomba alisukuma, akaenda ukutani.

Barua ya kumwachisha kazi iliandikwa kabla ya saa nne. Ilisema kwamba mfanyakazi hafiki kazini. Mjomba aliisoma, akaenda nayo hadi dirisha la ofisi.

"Bosi, hapa pamekosewa. Mimi nimefika. Sijakosa hata siku moja, mwulize Shangazi."

"Kazi yako iko wapi?" aliuliza Meneja.

"Sakafuni."

"Basi sakafuni hujafika."

Mjomba alifikiri. Alisema kwamba ng'ombe nao hawajafika, na hakuna aliyewaandikia. Meneja alisema ng'ombe kazi yao ni maziwa, na maziwa yanafika. Hakusema kwa ubaya. Alimpa mkono kupitia dirishani.

Shangazi alimsindikiza. Kwenye saruji ya uani Mjomba alikwenda juu, akiwa amebeba mfuko wa nguo zake na koti la mvua. Saruji ilipoisha na barabara ya udongo kuanza, alishuka. Alisimama kidogo, akashusha pumzi, akaanza kutembea akichechemea kama zamani. Shangazi alimtazama mpaka alipopinda kona, kisha akarudi, kwa sababu tope sasa lilikuwa lake pia. Alikuwa ameambiwa ni kwa muda.

Jumatatu iliyofuata, akiwa katikati ya kumkamua Kipipa, kisigino chake kiliacha kuuma.

Nafuu ile ilipanda kutoka unyayoni hadi gotini kama maji ya moto kwenye siku ya baridi, na kwa dakika nzima hakufanya kitu ila kusimama na kuisikiliza. Ndipo alipoelewa ni kitu gani. Alitazama chini. Ni ncha za mabuti tu zilizokuwa zikigusa tope. Alishika bomba la chuma kwa mkono mmoja, akavuta ndoo ya maji kwa mkono wa pili, akajaza na nyingine. Asubuhi ile yote alitembea na ndoo mbili zilizojaa, akizitua pale tu alipokuwa na kitu cha kujishikilia. Meneja alipopita alimsifu kwa bidii.

Nyumbani mume wake, ambaye alikuwa fundi cherehani, alikuwa akishona sare za shule kibarazani. Shangazi aliketi kwenye ngazi, akamweleza yote kwa mpangilio, kuanzia kisigino hadi ndoo. Mume wake alisimamisha cherehani.

"Na hapa nyumbani?"

"Hapa natembea kama watu."

"Na miguu inauma?"

"Hapa inauma. Kule ndiko ilikotaka kuacha kuuma."

Mume wake aling'oa uzi uliobaki kwenye meno.

"Si uache tu ikupandishe? Upone kwanza."

"Mjomba alipandishwa. Jana nimemwona sokoni anauliza kazi ya kubeba magunia. Kwa miguu ile." Alivuta soksi. "Unikatie suruali ya kazi. Nataka mifuko huku chini, ndani, isionekane."

"Ya kuweka nini?"

"Kitu kizito."

Mume wake alivuka kwenda kwa jirani anayechomelea mageti, akarudi na kopo la nati na vipande vya nondo. Alishona mifuko minne, miwili kila mguu, kwa uzi wa kushonea viatu, na kila mmoja akaufunga kwa kifungo ili vyuma visigongane. Alimwambia avae, ageuke, apande na kushuka ngazi. Alipiga magoti akasikiliza. Hakukuwa na mlio.

Mambo yakaenda. Shangazi aliingia bandani akiwa mzito, akakanyaga, tope likampokea. Ng'ombe walipita pembeni yake wakiwa juu, wenye afya, ngozi zao zikimetameta. Kidonda cha kisigino kilichokuwa kimeanza kufunga kilifunguka tena siku ya pili, na cha mguu wa kushoto kikaanza siku ya nne. Wiki hiyo aliamua kwenda ofisini. Alivua mabuti mlangoni, akasimama kwenye korido, juu ya mkeka wa mpira. Ulikuwa laini. Alisahau alichojia, akasimama hapo hadi Meneja alipoinua kichwa.

"Naomba miwili hii, bosi. Tuitandike pale wakamuaji wanaposimama. Hata mmoja."

Meneja alisema jambo hilo liko juu ya uwezo wake, ila Mwenye Shamba anakuja Jumamosi na atampa nafasi azungumze.

Mwenye Shamba alikuja na wageni kumi na wawili. Alikuwa mzee mchangamfu, aliyesalimia kila mtu kwa kumshika bega. Wageni walisimama kwenye ukingo mkavu na kupiga picha, na mmoja alipitisha mwavuli wake chini ya kwato za Kipipa, kushoto kwenda kulia, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika.

"Hakuna anayechechemea," alisema Mwenye Shamba. "Hata mmoja. Na sikutumia chochote."

Meneja alimwonyesha Shangazi kwa kidevu. Shangazi alipiga moyo konde, akasogea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Mzee, ng'ombe hawa wanaikimbia sakafu."

"Ndiyo," alisema Mwenye Shamba. "Na wamefanikiwa."

"Sisi bado tunaikanyaga. Inatula miguu. Aliyekuwa akisukuma tope amefukuzwa kwa sababu miguu yake ilikataa."

Mwenye Shamba alisikiliza, kichwa kimeinama upande, bila kumkatiza. Wageni nao walisikiliza. Alipomaliza, mzee alitazama mabuti ya Shangazi, yaliyozama hadi kifundo na kutulia kama nguzo mbili, akamgeukia Meneja.

"Unaona? Wafanyakazi wa namna hii hawapatikani siku hizi. Hawa wengine, kidogo tu, wako juu juu. Huyu amekanyaga chini." Alimshika Shangazi bega. "Asante sana, mama. Endelea hivyohivyo."

Wageni walipiga makofi. Mmoja aliomba Shangazi asogee karibu na Kipipa ili picha ipate wote wawili, na Shangazi akasogea. Katika picha hiyo, ambayo baadaye iliwekwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani kwenye korido ya ofisi, kiwele cha ng'ombe kiko sawa na kifua chake, na chini ya kwato panaonekana tope linang'aa kwa mwanga wa mchana.

Jioni hiyo aliketi kwenye ngazi ya kibarazani, miguu yote miwili ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mume wake alikuwa ameigeuza suruali ya kazi nje ndani, anakagua mishono.

"Leo vyuma vilitosha?"

"Mpaka saa tano. Baadaye kisigino cha kulia kilianza kunyanyuka."

Mume wake alichukua chaki, akaweka alama kwenye pindo la mguu wa kulia, akatafuta kitambaa kigumu kwenye kapu la vipande.

"Basi nitaongeza mfuko mmoja upande wa kulia."

"Ongeza pande zote mbili," alisema Shangazi. "Nisije nikachechemea."